Kwapa Linakula Bega

Wageni walianza kumkera Bawabu asubuhi na mapema. Alikuwa akifika karakanani, anaweka kopo la vifungo mkono wa kulia, anaegemeza tableti kwenye dumu la maji ya pasi mkono wa kushoto, na kabla hajatunga uzi wa kwanza foleni imeshajaa.

"mko wapi," aliandika mmoja.

"nauliza cherehani," mwingine.

"aaaaaaa," wa tatu.

"fundi aliyeharibu suruali ya mjomba ajitokeze anajijua."

Hao ndio wageni. Jukwaa la Mafundi lilikuwa na wanachama elfu tisa, watu waliojisajili kwa majina yao na kutuma picha ya kazi zao, tena picha ya ndani ya mshono, maana kwa nje kila mtu hodari. Mwanachama akiandika, ujumbe wake unapita moja kwa moja. Asiyejisajili naye aliruhusiwa kuandika, ila mtambo ulimwita Mgeni, ukampa namba, na maneno yake yakakaa foleni kumsubiri mtu wa mlangoni. Mtu huyo alikuwa yeye. Ndiyo maana karakana nzima ilimwita Bawabu, na jina hilo alilipenda kuliko la kuzaliwa.

Shule aliishia darasa la saba, lakini kwa kusoma haraka hakuna aliyemfikia pale ndani. Jicho moja kwenye sindano, jicho moja kwenye foleni. Kulikuwa na kitufe cha Pitisha na kitufe cha Futa. Ukifuta, unachagua sababu: Matusi, Upuuzi, au Nje ya Mada. Chini yake kuna nafasi ndogo ya kumwandikia mgeni neno, ambalo analisoma yeye peke yake. Mwenye jukwaa aliiweka nafasi hiyo ili mgeni aelekezwe kwa upole. Bawabu aliigeuza fimbo.

Yule wa "aaaaaaa" alimwandikia: "Jino likiuma nenda hospitali." Wa suruali: "Mjomba apunguze tumbo." Kila akiandika alimsomea Mvuke, mpiga pasi, jitu la miraba minne lililosimama nyuma yake mchana kutwa likitoka jasho, naye Mvuke alicheka mpaka pasi ikatikisika.

"Wewe mtoto una mdomo," alikuwa akisema. "Siku utakayoolewa, mumeo ajisajili kwanza."

Mwenye jukwaa na mwenye karakana alikuwa mtu mmoja, mume wa dada yake. Watu walimwita Profesa kwa sababu hakuwahi kuketi kwenye cherehani, yeye alichora. Alikuwa na rula ndefu ya bati na penseli sikioni, na michoro yake aliiweka jukwaani mafundi waichukue wakakatie. Jumatatu ya wiki ile aliweka mchoro wa shati la sare. Karakana ilikuwa imepata kazi ya mashati mia mbili ya watoto wa madarasa ya chini, jora za kitambaa cheupe zimeshaletwa, na kukata kulipangwa Alhamisi saa nane mchana. Wanachama waliusifu mchoro. "Mkono wa dhahabu," waliandika. "Tunajifunza, Profesa."

Jumatatu hiyohiyo, saa nne na nusu, foleni ilimletea Bawabu ujumbe wenye rangi nyekundu.

"kwapa linakula bega," aliandika Mgeni 77.

Wekundu ule ulikuwa na historia. Mwaka uliopita wageni wawili waligombania zipu, wakaishia kutukanana makwapa siku tatu mfululizo, nani ananuka zaidi ya nani. Profesa akaliingiza neno kwapa kwenye orodha ya matusi, na tangu hapo kila lilipoandikwa mtambo ulilipaka rangi. Wanachama walizoea upesi. Walipotaka kusema kwapa la nguo waliandika "shimo la mkono". Jukwaa zima la mafundi nguo, watu elfu tisa, likawa halina kwapa hata moja.

Bawabu alibonyeza Futa, akachagua Matusi, akaandika: "Kaoge kwanza ndiyo uje."

Mvuke alicheka mpaka akaunguza kola.

Jioni Mgeni 77 alirudi. "hilo kwapa linakula bega rekebisheni." Akafutwa. "Sabuni zipo madukani." Jumanne akarudi mara tatu, Jumatano mara tano. Hasalimii, haweki nukta, hamwachi mtu apumue. Bawabu akawa hasomi tena. Akiona wekundu na ile namba kidole kinakwenda chenyewe. Mara ya tatu kumwambia akaoge aliongeza, "na ujisugue."

Alhamisi asubuhi Profesa alipita kwenye kiti chake na rula mkononi, akasimama.

"Huyu sabini na saba ni nani?"

"Mgeni tu, shemeji. Ana wazimu wa makwapa."

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Mara ngapi?"

"Na hii ya leo, kumi na moja."

"Na wewe unazifuta mojamoja kama unachambua mchele. Mfungie."

Bawabu alibonyeza. Tableti ikauliza swali. "Inasema, nifungie simu hiyo tu au laini nzima ya intaneti?"

"Nzima. Yeye na ukoo wake."

Akabonyeza Nzima. Kioo kikawa cheupe, katikati kikabaki na mstari mmoja: Laini hii imefungiwa. Bawabu alidhani amekosea, akabonyeza tena. Nyuma yake Mvuke aliitazama simu yake. "Mbona na mimi nimefungiwa? Nimetukana nani?" Kutoka kwenye safu ya cherehani sauti nyingine ikasema na mimi, na nyingine tena. Cherehani zikanyamaza mojamoja.

"Bawabu," alisema Mvuke, "umetufungia nje tukiwa ndani."

Watu wakacheka. Profesa hakucheka. Alikitazama kile kisanduku cha waifai ukutani, kile kimoja walichokitumia wote, akashusha macho polepole kwa watu kumi waliokuwa wamekaa chini yake.

"Kumbe yumo humu," alisema.

Kicheko kikakatika.

"Mtu anakuja hapa asubuhi, anakunywa maji yangu, anakaa chini ya feni yangu, halafu anaingia chooni na simu kwenda kunitukana mbele ya watu elfu tisa."

Bawabu alijua hao elfu tisa hawakuona kitu. Matusi yale, kama ni matusi, yalisomwa na mtu mmoja.

"Saa nane tunakata," aliendelea Profesa. "Kabla kisu hakijagusa kitambaa nataka jina. Mwenye jina atoke na vitu vyake asirudi. Na wewe Bawabu, uandishi wake umeusoma siku nne. Ukishindwa kumjua, basi mlangoni nimeweka kiti kitupu."

Aliingia ofisini kwake, akafungua laini kwa bando la simu yake mwenyewe. Cherehani zikaanza tena, lakini kila mtu alishona huku anamtazama mwenzake mikono.

Bawabu alifungua pipa. Ujumbe uliofutwa ulikaa humo siku saba kabla ya kupotea kabisa. Zile kumi na moja zote zilikuwemo, na chini ya kila moja jibu lake yeye. Alizisoma taratibu, kama mtu anayekagua mshono wa mwenzake.

"ukimvalisha mtoto hainui mkono," ilisema ya nne.

"pimeni bega kwanza," ya sita.

"msikate."

"nasema tena msikate mtakuja kumlaumu mkataji."

Ya kumi na moja, ya asubuhi ile, ilikuwa fupi kabisa. "kwapa hilohilo haya."

Sindano ilimchoma kidole, akainyonya damu bila kuitazama. Alikuwa ameyasikia maneno haya. Hakuyasoma popote, aliyasikia. Alikuwa na miaka tisa, ameshona gauni lake la kwanza kwa mabaki ya mapazia, na mtu akamweka vidole viwili juu ya bega akamwambia, tazama kwapa hili linavyokula bega, sasa bega litaishia wapi, shingoni? Tangu siku ile hakuwahi kuyasikia kwenye mdomo mwingine.

Akainua macho hadi meza ya kukatia, kule mwisho wa chumba. Mama mdogo wake, mdogo wa mama yake, alikuwa akitandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka, anakinyoosha kwa kiganja. Simu ilichungulia mfukoni mwa aproni, kioo chake cheupe kwa vumbi la chaki.

Bawabu alichukua kopo la vifungo, ili aonekane ana safari, akaenda.

"Shikamoo, mama."

"Umeshaniamkia asubuhi."

"Mama, ni wewe?"

"Mimi nani?"

"Sabini na saba."

Mama mdogo alilaza tabaka jingine, akalilinganisha ncha. "Sabini na saba aliambiwa akaoge."

Bawabu aliona uso unamwaka. "Sikujua. Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nilikuambia. Mara kumi na moja."

"Ungesema kwa mdomo."

"Kwa mdomo." Alisema bila kupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nisimame mbele ya wanaume hawa nimwambie mkwe wangu habari za kwapa? Jumatatu nilimwambia kwa adabu, baba, hebu tazama tena hapa juu. Akanijibu, mama, kazi yako kisu, kuchora niachie mimi. Yale magauni ya mwaka jana yalipopinda, barua ya onyo alipewa nani? Aliyechora?"

"Wewe."

"Ya pili itakuwa ya kuniaga. Nikasema niandike palepale chini ya mchoro wake, pabaki na tarehe na saa. Sare zikirudi, nionyeshe nilisema. Sikujua mlangoni wamefuga mbwa."

Bawabu alizichukua zile karatasi za mchoro, ya mbele na ya nyuma, akaziunganisha begani kwa pini mbili, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Mkato wa kwapa ulikuwa umepanda juu kama unakimbilia kola. Akaweka vidole begani. Palienea viwili. Mtoto wa miaka saba ana bega dogo, lakini ana bega.

"Umeona?" aliuliza mama mdogo.

"Nimeona."

"Hongera. Sasa nenda ukanitaje, saa inakaribia. Kunitaja si kitu, mimi si wa kwanza kufukuzwa na mkwe. Ila maandishi yangu uliyoyatupa, hayo nayataka."

"Pipa linayatunza siku saba."

"Basi ya Jumatatu yamebakiza siku nne. Usinisimamie kwenye mwanga."

Bawabu alirudi kwenye kiti chake. Mvuke aliinama kumnong'oneza, "Umempata? Sema ni nani, nikae naye mbali," lakini alipouona uso wake akajirudisha kwenye pasi yake.

Saa nane kasoro dakika mbili Profesa alitoka ofisini. Mashine ya kukatia ilikuwa imeshachomekwa kwenye umeme, kisu chake chembamba kimesimama juu ya matabaka arobaini ya kitambaa cheupe. Mama mdogo alikuwa nyuma yake, mikono kwenye mifuko ya aproni.

"Jina," alisema Profesa.

"Nimemjua, shemeji."

"Mtaje."

"Kwanza wanachama wamsome."

"Wamsome nini?"

Alikuwa ameshabonyeza. Alichagua zote kumi na moja kwa pamoja, akabonyeza Pitisha, na tableti ikauliza swali moja tu: pamoja na majibu ya mlangoni? Hapo kidole kilisimama. Angeweza kusema hapana. Kaoge, na sabuni, na ujisugue vingebaki humo pipani vikafia humo, na yeye akatoka msafi. Lakini bila majibu yale mtu angeuliza, kama alisema tangu Jumatatu, mbona hatukumwona? Akabonyeza Ndiyo.

Zikapanda zote chini ya mchoro wa sare, moja chini ya nyingine, na tarehe zake na saa zake, na chini ya kila moja jibu lililosainiwa Bawabu.

Simu ya Profesa ikatetemeka mkononi mwake. Ikatetemeka tena. Akaisoma, na penseli ikamdondoka sikioni.

"Wanasemaje?" aliuliza Mvuke, ambaye hakuwa na akili ya kunyamaza.

Bawabu ndiye aliyesoma, kwa sauti, maana kusoma ndiyo ilikuwa kazi yake. "Fundi mmoja anasema: mimi nimeshakata sitini kwa mchoro huu, mteja kanirudishia zote, nikadhani kosa langu. Mwingine anasema: kumbe mgeni alituonya siku nne mkawa mnamwambia akaoge. Mwingine anasema: huyo bawabu ni nani, naye ana bega?"

"Futa," alisema Profesa.

"Wameshasoma, shemeji."

"Futa nimesema."

"Wameshazipiga picha. Hii hapa moja wameirudisha."

Profesa aliinyakua tableti, akafuta mwenyewe, kidole kinagonga kioo kama anachimba. Alipofuta mbili, ziliongezeka tano. Akaibamiza juu ya meza ya vifungo. Kopo likapinduka, vifungo vikatawanyika sakafuni mpaka chini ya cherehani.

"Tunakata," alisema. Hakumtazama mkwe wake. Hakuwahi kumtazama usoni tangu alipooa. Aliiambia meza. "Mama, washa kisu. Huyo mgeni nitashughulika naye baadaye."

Mama mdogo alitoa mikono mifukoni. Hakuiwasha mashine. Aliushika waya, akaufuata kwa mkono mpaka ukutani, akauchomoa.

"Mkwe," alisema.

Profesa aliinamisha kichwa, kama mtu aliyelelewa.

"Kwapa linakula bega."

Mvuke aliificha sura nyuma ya shati lenye mvuke.

"Sasa nimelisema kwa mdomo, aibu yangu iko palepale na yako iko palepale. Kwapa. Hilo ulilolichora. Mtoto akiinua mkono kumjibu mwalimu, shati lote litapanda kitovuni. Ukitaka likatwe hivyo, kisu hicho hapo, shika mwenyewe na barua ujiandikie mwenyewe."

Profesa alikuwa na mambo mengi ya kusema, yalionekana yakimpanda shingoni. Lakini huko nje watu elfu tisa walikuwa wakiuliza mgeni ni nani, na akimfukuza mtu leo, kesho atalazimika kuwaambia amemfukuza nani na kwa kosa gani. Alizichomoa pini, akachukua karatasi zake, akaingia ofisini na kufunga mlango.

Alitoka baada ya nusu saa. Aliziweka karatasi mezani. Mkato ulikuwa umeshushwa. Mama mdogo aliweka vidole begani, vikaenea vinne, akachomeka waya.

"Kata, mama," alisema Profesa, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akingojwa.

Jukwaani yalitoka matangazo matatu. La kwanza lilisema Profesa ameuboresha mchoro wa sare baada ya utafiti wake mwenyewe. La pili lilisema kuanzia leo wageni hawaruhusiwi kuandika kabisa, kwa sababu ya matusi. La tatu lilisema mlinda mlango ameondolewa kwa lugha chafu. Chini ya hilo la tatu wanachama waligonga makofi mia nne. Bawabu alilisoma kwenye simu yake akiwa amepiga magoti sakafuni, anaokota vifungo.

"Vifungo vinakutosha," Profesa alimwambia akipita. "Na dada yako atasikia."

Kwapa liliendelea kuwa neno chafu. Hakuna aliyelitoa kwenye orodha.

Saa kumi na moja watu walianza kutoka. Mvuke alijifuta shingo, akamtazama Bawabu kwa huruma isiyomfaa mtu mkubwa kama yeye. "Nani sasa atanichekesha?" alisema, akaenda zake. Walibaki wawili. Mama mdogo alikuwa akikunja masalio ya kitambaa na kuyafunga kwa utepe, kazi ambayo ingeweza kungoja kesho.

"Mama," alisema Bawabu, "nisamehe."

Mama mdogo alikung'uta aproni yake, chaki ikaruka.

"Njoo hapa."

Akaenda.

"Sogea. Karibu zaidi."

Akasogea mpaka paji la uso likakaribia bega lake.

"Nanuka?"

"Hapana, mama."

"Vuta pumzi vizuri usinidanganye."

Alivuta. Chaki, nguo mpya, mafuta ya mashine. "Hapana, mama."

"Haya." Mama mdogo alivaa mkoba wake begani na kuzima feni. "Kesho uwahi. Mashati mia mbili, vifungo sita sita, na hakuna mgeni wa kukusaidia."